Unamsimulia Nani?

Katika misiba mingi ya siku hizi, kabla jeneza halijatoka nyumbani, husimama mtu wa familia akiwa na karatasi akasoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, wilaya fulani, mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya msingi hapa, sekondari pale. Aliajiriwa, akahamishwa, akapandishwa cheo, akastaafu. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Waombolezaji hawalalamiki, kwa kuwa karatasi ile haikuandikwa ili isimulie. Iliandikwa ili ithibitishe kwamba mtu huyu aliishi, alisoma, alifanya kazi na ana jamaa.

Shida inaanza pale mtu aliye hai anapokaa mezani kuandika kitabu cha maisha yake. Namna pekee ya kusimulia maisha aliyoisikia mara nyingi ni ile ya msibani, basi kalamu inamvuta huko huko. Mimi ninahariri miswada, na ya aina hiyo naipokea kila mara: kurasa mia mbili za vyeo, vituo vya kazi na tarehe za kuhamishwa, na katikati, kwa bahati, sentensi moja kuhusu mama aliyeuza cherehani yake ili mtoto apate ada. Sentensi hiyo ndiyo kitabu, lakini mwandishi ameipita mbio kama mtu anayewahi basi la mwisho.

Mtu kama huyo simwelekezi kwenye semina. Namwambia akasome kumbukumbu za wenzake, kwa macho mengine. Wengi wetu tunapofungua tawasifu tunatafuta mtu: alisema nini kuhusu fulani, alipataje utajiri, nani alimsaliti. Hiyo ni haki ya msomaji. Lakini anayejifunza kuandika anatafuta maamuzi. Huyu ameanzia wapi, na kwa nini hapo? Amekaa wapi kurasa kumi, na wapi ameruka miaka kumi kwa mstari mmoja? Ameficha nini? Na kabla ya hayo yote, anamsimulia nani? Swali hilo la mwisho naliweka mbele kwa sababu likijibiwa, mengine karibu yote hujibika.

Chukua Sayyida Salme binti Said, ambaye Wajerumani walimjua kwa jina la Emily Ruete. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Bet il Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, binti wa Sultani Said bin Sultan na suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Mwaka 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko alibatizwa, akaolewa na mfanyabiashara Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu ya farasi, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hata lugha yake ilikuwa bado ngeni kinywani. Kitabu cha maisha yake kilitoka Berlin mwaka 1886.

Mle ndani mna jambo dogo ambalo kila anayetaka kuandika angelitazama kwa karibu. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza kwa siri. Kurani ikawa kitabu chake cha kunakilia, na mfupa wa bega la ngamia ukawa ubao wake, maana ndivyo wanafunzi wa Unguja ya siku hizo walivyoandikia. Alifuata umbo la kila herufi mpaka mkono ukazoea. Kisha mwaka 1859, nduguye Barghash alipopanga kumpindua kaka yao Majid, karani wa njama akawa ni yeye Salme, msichana wa miaka 15, kwa kuwa alijua kuandika. Ule mfupa wa ngamia ungeweza kuachwa. Mwandishi wa haraka angesema tu kwamba alijifunza kuandika akiwa mdogo, akasonga mbele. Salme aliushika, na ndiyo maana tunapofika kwenye barua za njama tunauona bado mkono wa mtoto anayenakili.

Sasa lile swali. Katika dibaji anaeleza kwamba alianza kuandika miaka kama tisa kabla ya kuchapisha, kwa ajili ya watoto wake. Kuhusu asili ya mama yao hawakujua mengi zaidi ya kwamba ni Mwarabu na amezaliwa Unguja. Afya yake ilikuwa mbaya, naye hakutarajia kuishi mpaka wawe na umri wa kuelewa. Ukishajua hilo, unaelewa kwa nini kitabu kinaanza na nyumba. Msikilizaji wake ni mtoto wa Hamburg ambaye hajawahi kuona mnazi, kwa hiyo mama anamshika mkono na kumpitisha Bet il Mtoni: ua mkubwa wenye wanyama na ndege wa kila namna, mabafu ambamo watu hawakatiki mchana kutwa, ngazi za kutisha, na ile baraza ya mbao iliyotazama bahari ambako babake Sultani alizoea kutembea huku na huku akiwaza, akichechemea kidogo kwa risasi aliyowahi kupigwa pajani. Kiongozi wa dola lililotoka Oman mpaka pwani yetu anaonekana kwa jicho la mwanawe: mzee anayechechemea.

Lakini kitabu kilipokwenda kwa mchapishaji, akaongezeka msikilizaji wa pili, yaani Wajerumani waliokuwa na maoni yao tayari kuhusu Waislamu, wanawake wa Kiarabu na Afrika. Utamsikia Salme akibadilika sauti. Sura kuhusu hali ya mwanamke ni ya mtu anayejibu hoja, na ile ya utumwa inautetea utumwa wa Unguja kwa namna inayomfanya msomaji wa leo, hasa wa pwani yetu, akunje uso. Mimi nawashauri wanaojifunza wazisome sura hizo pamoja na zile za utotoni siku moja, mfululizo. Kwa watoto wake Salme anaonyesha, na kwa Wajerumani anabishana. Kurasa za kuonyesha bado zinasomeka vizuri baada ya karne moja na zaidi, ilhali zile za mabishano zimechakaa, na wasomi ndio wanaozisoma zaidi.

Pia kuna kimya. Sura inayohusu Heinrich ni fupi ajabu kwa jambo lililogeuza maisha yake yote. Anatuambia walikuwa majirani, nyumba zao zimekaribiana, na kwamba kutoka dirishani kwake aliweza kuona karamu za wanaume alizoandaa huyo Mjerumani ili amwonyeshe Wazungu wanavyokula. Dirisha, meza, taa ng'ambo ya pili. Zaidi ya hapo ni kidogo sana. Kwamba alikuwa mjamzito alipotoroka, kitabu hakisemi. Mama anayewaandikia watoto wake katika Ujerumani ya miaka ya 1880 angesema nini? Baadaye aliandika maandishi mengine kwa mtindo wa barua za kupeleka nyumbani, yaliyochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1924, na humo mna upweke wa Hamburg na msiba wa mumewe kwa uwazi ambao kitabu cha kwanza hakina. Mwanamke ni yule yule na maisha ni yale yale. Anayeambiwa ndiye amebadilika.

Mwenzake wa zama zile, aliye tofauti naye kwa karibu kila kitu, ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa ombi la Mjerumani Heinrich Brode, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, miaka michache kabla ya kufariki kwake Unguja mwaka 1905. Mtaalamu wa Kiswahili W. H. Whiteley alikuja kuyatoa tena Afrika Mashariki, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ukifungua mwanzo wake hukuti kuzaliwa, wala mama, wala nyumba. Unamkuta mtoto wa miaka kumi na miwili anayeanza safari fupi fupi za biashara ya sandarusi na jamaa zake. Maisha, kwa hesabu ya Tippu Tip, yalianza siku alipoanza kuuza. Hakuna utangulizi ambao ungemweleza vizuri zaidi.

Naye anamsimulia nani? Mzungu anayetaka kujua njia za bara, watawala wake na mali yake, na nyuma ya huyo Mzungu wamekaa wafanyabiashara wenzake wa Unguja wanaojua thamani ya kila kitu. Basi anapima. Pembe anazitaja kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Mikopo, bei, idadi ya watu na bunduki, vyote vimo. Kuna mahali ambapo napenda wanafunzi wasimame. Tippu Tip anasimulia alivyosikia habari za Kasongo Rushie, mtemi mzee wa Utetera, ambaye dada zake walitekwa zamani na hawakurudi. Akaikamata habari hiyo, akajitokeza huko akidai kuwa bibi yake ni mmoja wa wale dada. Mzee akamwamini, akamkabidhi utemi. Haya anayaeleza mwenyewe, bila kupepesa macho, kama mtu anayekumbuka biashara iliyomwendea vizuri. Mwandishi mwingine angetafuta udhuru, au angefuta kisa chote. Yeye aliona ni werevu, na kwa sababu hiyo tumepata ukurasa mmoja unaomfichua kuliko sura nzima ya kujieleza.

Watu waliobeba zile pembe hawana majina katika simulizi yake. Wamo kwa mamia, kama idadi. Hili msomaji anayejifunza asilipite kwa kumlaani Tippu Tip tu, ingawa ana haki ya kumlaani. Achukue kalamu aweke alama kila anapopita mtu asiye na jina, kisha arudi kwenye mswada wake mwenyewe afanye vivyo hivyo. Atamkuta dada wa kazi aliyelea watoto wake wanne. Atamkuta utingo, mpishi wa bweni, mke wa kwanza. Nimeona mswada wa mtu aliyemtaja kwa jina kila mkuu wa mkoa aliyewahi kumpa mkono, na dereva aliyezunguka naye nchi nzima akabaki "dereva wangu" mpaka ukurasa wa mwisho.

Tippu Tip anafaa kusomwa kwa sababu nyingine pia, nayo ni vitenzi. Kiswahili kimetupa vyombo vitatu vya kusimulia wakati uliopita ambavyo mwandishi wa kumbukumbu anavihitaji kila siku. Kuna *-li-*, inayosimamisha tukio mahali pake. Kuna *-ka-*, inayolisukuma tukio kwenda kwa linalofuata. Na kuna *hu-*, pamoja na *alikuwa aki-*, inayochora mazoea, yale yaliyotokea kila siku mpaka yakakosa tarehe. Simulizi za safari za wakati ule zinakimbia kwa *-ka-*: tukaondoka, tukafika, tukalala, tukapigana. Wasifu wa msibani nao umejaa *-li-*, na kila *-li-* inasimama peke yake kama nguzo isiyo na waya.

Jaribu hivi. Mwandishi ameandika: "Baba alikuwa mkali na alikuwa na matatizo kazini." Hapo tumearifiwa, ila hatujaona kitu. Sasa igawe kwa mazoea na tukio: "Jioni baba alikuwa akirudi, huvua viatu mlangoni, huomba maji ya kunywa, ndipo huuliza nani amechapwa shuleni. Siku ile alirudi, akapita na viatu vyake mpaka chumbani, akafunga mlango." Hakuna aliyetuambia kwamba baba amefukuzwa kazi, lakini viatu vimetuambia. Ukisoma kumbukumbu yoyote nzuri ya Kiswahili, tafuta pale ambapo mazoea yanavunjika na siku moja inaanza. Mara nyingi utakuta maneno kama "siku moja" au "siku ile", na mara nyingi hapo ndipo mwandishi alipopunguza mwendo.

Mwendo huo hautegemei ukubwa wa tukio. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini aliyeandika Maungamo yake karibu na mwaka 400, alitumia kurasa kadhaa kuchambua wizi wa mapeasi alioufanya na wenzake akiwa na miaka 16. Wala hawakuyala sana, waliwatupia nguruwe. Mwanamke aliyeishi naye miaka mingi na kumzalia mtoto hakumtaja hata jina. Augustino alikuwa akisema na Mungu, na mbele ya Mungu alitaka kujua kwa nini mtu hufanya uovu usio na faida, jambo ambalo mapeasi yalimfaa kulichunguza. Mimi bado namdai jina la yule mwanamke.

Nyumbani kwetu, kitabu ambacho kila mwalimu atakutajia ni Maisha Yangu cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1949, na mwendelezo wake Baada ya Miaka Hamsini. Ni maisha ya karani wa serikali ya kikoloni, aliyefanya kazi forodhani miaka mingi, aliyefiwa na mkewe Amina, aliyelea watoto huku akiandika usiku. Katikati ya Maisha Yangu ameweka tenzi mbili za mawaidha, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Aliyezoea tawasifu za Ulaya huona kwamba simulizi imesimamishwa ili mashairi yapite. Mimi naona hapo ndipo kitabu kinapomtaja msikilizaji wake waziwazi. Ushairi wa kumuusia mwana ni desturi ya kale ya pwani, na Shaaban aliuingiza kwenye tawasifu bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Hata hivyo nina onyo. Shaaban ni mwalimu hatari kwa anayeanza. Sauti yake imetulia mno, hekima haimwishi, na hata katika shida anasimama wima. Yeye aliweza kwa sababu lugha yake inabeba. Anayemwiga bila lugha hiyo huishia kuandika mahubiri: kila sura inafungwa kwa nasaha, kila jeraha limekwisha kupona kabla hatujaliona likitoka damu. Dawa yake imeandikwa na Shaaban mwenyewe. Ni barua alizompelekea mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizohifadhiwa na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002. Humo yumo kaka anayemwandikia mdogo wake mambo ya familia na ya vitabu, bila joho la mshairi mkuu. Soma kitabu na barua sambamba, kama unavyoweza kufanya kwa Salme, utaona mtu mmoja akivaa sauti mbili kwa wasikilizaji wawili.

Benjamin Franklin wa Marekani ametuachia mfano ulio wazi kuliko wote. Alianza kuandika maisha yake mwaka 1771 kama barua kwa mwanawe William, na sehemu hiyo ina joto la baba anayecheka makosa yake ya ujana: deni, safari ya kumtoroka kaka yake, mikate mitatu mikubwa aliyonunua siku alipoingia Philadelphia. Kisha vikaja vita vya uhuru wa Marekani. William akabaki upande wa mfalme wa Uingereza, na baba na mwana wakafarakana. Franklin aliposhika tena mswada mwaka 1784, huko Ufaransa, mwana hayumo tena kwenye maneno. Anaandikia umma, na sehemu hiyo ndiyo yenye ile orodha yake maarufu ya fadhila kumi na tatu na jedwali la kujipima kila siku. Inafundisha sana, lakini joto limepungua.

Franklin huyo huyo anaeleza, ndani ya tawasifu yake, alivyojifunza kuandika kwa kusoma. Alikuwa kijana katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake, akapata juzuu ya gazeti la Kiingereza lililoitwa The Spectator. Akachagua makala, akaandika dondoo fupi za maana ya kila sentensi, akaliweka gazeti kando kwa siku kadhaa. Kisha akajaribu kuijenga upya makala nzima kwa maneno yake, akaja kulinganisha na ya asili. Wakati mwingine alizichanganya dondoo makusudi ili ajifunze kupanga. Mara nyingine aligeuza hadithi kuwa shairi, na shairi likarudi kuwa hadithi.

Mbinu hiyo haijazeeka, nami naipendekeza kwa mabadiliko kidogo. Chagua ukurasa mmoja wa kumbukumbu uliokugusa. Ukurasa mmoja unatosha. Usome mara mbili, uandike dondoo: ameanza na kitu gani kinachoonekana, nani amesema, lini mwendo umepungua, amemalizia wapi. Funga kitabu. Baada ya siku mbili tatu, chukua dondoo zile na uandike kisa chako mwenyewe kwa mpangilio huo huo. Ikiwa Salme alianza na ua wa nyumba, nawe anza na ua wa kwenu Tandika au Likoni. Ukimaliza, linganisha. Mara nyingi utagundua kwamba yeye alitaja vitu na wewe umetaja hisia, au kwamba alimaliza kabla hujatarajia ilhali wewe umeongeza aya ya kueleza. Zoezi hili ni la daftarini, si la kuchapisha.

Zoezi jingine ni kusoma watu wawili juu ya jambo moja. Mwaka 2009 mwanahistoria G. Thomas Burgess alitoa kitabu, kwa Kiingereza, chenye kumbukumbu za Wazanzibari wawili alizozikusanya kwa mahojiano: Ali Sultan Issa, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mapinduzi, na Seif Sharif Hamad, aliyekuja kuwa Waziri Kiongozi na baadaye kinara wa upinzani. Mapinduzi ya Januari 1964 yamo kwa wote wawili. Kwa Ali Sultan ni kilele cha maisha ya mkomunisti aliyezunguka dunia. Kwa Seif, kijana aliyekuwa ametoka sekondari, yanakuja na mlango uliofungwa, maana ilibidi afundishe shule kwa miaka kabla ya kufika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972. Usihangaike kuamua nani mkweli. Tazama kila mmoja alikuwa amesimama wapi siku ile, na ni nini hasa alichoweza kukiona kutoka hapo. Kisha jiulize wewe ulikuwa umesimama wapi siku unayotaka kuisimulia. Watu wengi huandika mambo ya 1964, ya vita vya Kagera au ya jaribio la mapinduzi la Nairobi la 1982 kwa habari walizosoma baadaye magazetini, wakaacha kile walichokiona kwa macho yao: foleni ya unga, redio ya jirani, mama akifunga madirisha.

Kwa wale wanaosema hawawezi kuandika kwa sababu hawakusoma sana, kuna kitabu ambacho nasikitika hakijulikani inavyostahili. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwahoji wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhashamy, na simulizi zao zikatoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991, kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Bi Kaje anatoka katika ukoo uliomiliki watumwa, na Bi Mishi katika uzao wa waliomilikiwa. Wanazungumzia harusi, unyago, ngoma, vyama vya wanawake, nani alikaa wapi kwenye shughuli. Ukizisoma kwa sauti utasikia namna mtu anavyokumbuka kweli: anarudi nyuma, anajisahihisha, anataja jina la mtu kisha anaeleza ukoo wake kabla hajaendelea. Mhariri mkali angekata hayo yote. Mimi ningekata nusu, na nusu ningeiacha, kwa kuwa kule kutaja ukoo kwanza ndiko kunakoonyesha Mombasa ile ilivyowapanga watu.

Jambo moja vitabu hivi havifundishi vizuri: la kufanya kuhusu jamaa walio hai. Wengi wa hawa waliandika wakati wahusika wamekufa au wako mbali. Wewe shemeji yako yuko WhatsApp. Ushauri wangu ni mfupi. Andika kila kitu kwenye rasimu ya kwanza, kisha amua nini kibaki. Siri ya mtu mwingine isiyobadilisha kisa chako iondoe. Na unayemshutumu kwa jambo zito mpe nafasi ya kusoma kabla hujachapisha. Kukata ni rahisi kuliko kujazia baadaye kile ulichoogopa kukiandika.

Usianze na kumbukumbu za marais na mawaziri. Sisemi hazina thamani. Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, cha Ali Hassan Mwinyi, kilichozinduliwa Dar es Salaam mwaka 2021, ni furaha kukisoma, na ni vyema kwamba rais huyo wa zamani alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Ila kiongozi anasema na historia, na wewe historia haijakuuliza kitu bado. Anza na Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi, ambacho hakijaribu kubeba maisha yote. Kinachukua safari ya ujana wake, alipotoka Unguja kwenda kutafuta elimu ng'ambo, na kukaa nayo. Au anza na Nasikia Sauti ya Mama cha Ken Walibora, kama kilicho moyoni mwako ni mzazi. Ukikimaliza, kabla hujaazima kingine, andika juu ya karatasi jina la mtu mmoja unayemjua, aliye hai au aliyekufa, ambaye ungependa kumsimulia kisa kimoja tu. Mwandikie huyo. Sura ya kuzaliwa, shule na ajira iache mpaka mwisho, huenda usiihitaji.